Kamera ya milioni 12 na paa la bibi linalovuja

Tangu Oktoba, katika nyumba moja ya mtaa wa Hamugembe mjini Bukoba, watoto wakishalala mazungumzo yalikuwa ya kamera. Baba anauza vifaa vya ujenzi, mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Wamezoeana miaka kumi na mitano na si watu wa kugombana. Lakini kamera hii iliwafanya wanyamaziane siku mbili nzima, kila mmoja akiwatuma watoto kwa mwenzake: "Kamwambie baba chakula kipo mezani."

Fedha ilitokana na mipaini. Marehemu baba mzazi wa huyu bwana aliacha miti kwenye rweya huko Kamachumu, wilayani Muleba, nje kabisa ya kibanja. Kibanja hakiguswi; ndiko alikozikwa mzee, na migomba na mibuni yake bado inawalisha. Miti ya rweya ni akiba. Wafanyabiashara wa mbao walipofika, ndugu walikaa wakakubaliana, na mgawo wa huyu bwana ukawa shilingi milioni 14. Walikubaliana pia kuwa kila mmoja atachangia milioni mbili na nusu kuezeka upya nyumba ya mama yao, ambayo mvua zikianza bibi huhamisha kitanda kutoka kona hadi kona. Wachange lini? Hapo kila mtu alisema "baadaye."

Mgawo ulipoingia, bwana akamwonyesha mkewe picha kwenye simu. Kamera ndogo nyeusi inayotosha kwenye kiganja: Sony RX1R III, iliyotangazwa Julai 2025.

"Shilingi ngapi?" mke akauliza.

"Dola elfu tano na kidogo."

Mke hakujibu. Aliinuka akaenda kufunga mlango wa kuku.

Ni rahisi kumcheka mwanamume huyu, na mashemeji walimcheka kweli. Ila sababu yake haikuwa ya kuchekesha. Mzee alipofariki, familia ilitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza ikakosa. Aliishi zaidi ya miaka sabini, akasomesha watoto sita, na picha pekee iliyomwonyesha uso vizuri ilikuwa ile ya kadi ya mpiga kura. Studio ikaikuza hadi macho yakawa madoa mawili. Watu waliofika msibani waliitazama ile fremu kwa heshima, lakini mwanawe hakuiangalia. Tangu siku hiyo alikuwa akirudia neno moja: mama yake hatazikwa na picha ya kitambulisho.

Mke aliijua sababu hiyo, ndiyo maana hakusema hapana. Alifanya kama afanyavyo darasani. Alichukua daftari akachora mstari katikati ya ukurasa, akamwambia: "Baba watoto, andika huku kila kitu ambacho kamera hiyo inafanya. Huku andika sisi tutakitumia wapi."

Safu ya kwanza ilijaa upesi. Sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ya fulu-fremu: milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa picha moja ya filamu ya zamani ambao Leica iliueneza duniani kuanzia 1925. Simu nyingi zina sensa ndogo kuliko hiyo mara kumi na zaidi. Sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi, hivyo picha za ndani ya nyumba hazijai chengachenga. Megapikseli 61. Lenzi ya Zeiss ya milimita 35 inayofunguka hadi f/2. Uzito gramu 498 tu.

Safu ya pili ndiyo iliyomtoa jasho, kuanzia na megapikseli. Studio zikichapa picha nzuri hutumia takriban nukta 300 kwa kila inchi. Kwa hesabu hiyo, megapikseli 24 zinatoa picha ya sentimita 50 kwa 34, ambayo tayari inazidi karatasi ya A3. Megapikseli 61 zinafika sentimita 80 kwa 53. Mke akauliza ni ukuta gani wa nyumba yao utabeba picha ya sentimita 80, kwani sebuleni kuna kabati, na bibi kule Kamachumu ana nafasi kati ya kalenda ya kanisa na dirisha. Faida moja ilibaki: megapikseli nyingi hukuruhusu kukata sehemu ya picha na kuikuza bila kuharibika, jambo lenye maana kwa kamera ambayo lenzi yake haibadilishwi wala haivuti. Lakini faili ghafi isiyobanwa ya megapikseli 61 hukaribia megabaiti 120. Picha mia tano zinajaza kadi ya gigabaiti 64, na kompyuta ya nyumbani kwao hulalamika hata ikifungua barua.

Kisha wakafika kwenye mambo ambayo kamera hiyo haina, ambayo bwana hakuyaandika mpaka alipoulizwa. Haina kidhibiti mtikisiko. Skrini yake haikunjuki, kwa hiyo ukitaka kumpiga mtoto aliyekaa chini itakubidi uchuchumae. Betri yake huishia kwenye picha 300 hivi. Na lenzi, kwa uzuri wake wote, ni muundo uleule wa RX1 ya kwanza ya 2012, iliyouzwa dola 2,799.

"Basi tuangalie Leica," bwana akasema, kama mtu anayerudi nyuma huku akipanda mlima. Leica Q3 ya 2023 ina megapikseli 60, lenzi ya milimita 28 inayofunguka hadi f/1.7, skrini inayokunjuka, kidhibiti mtikisiko, na kinga ya vumbi na matone ya maji ya daraja la IP52. Kwa vipengele, inaishinda Sony karibu kila mahali. Ina uzito wa gramu 743, na ilipotoka bei ilikuwa dola 5,995. Kwa dola moja shilingi 2,500, hiyo ni kama milioni 15. Ukurasa huo wa daftari ukafungwa.

Ile Sony iliyotangazwa kwa dola 5,098 nayo, kwa kiwango hicho, ni milioni 12 na laki saba. Ongeza VAT ya asilimia 18 inapoingia nchini, bila ushuru wa forodha wala usafiri, unafika milioni 15. Mgawo wote wa mipaini umekwisha na deni limeanza. Shemeji aliyeko Dubai aliahidi kuja nayo mkobani, kana kwamba kitu kikipita mkobani hakitangazwi forodha. Mke hakutaka hata kulijadili.

Lipo jambo moja ambalo bwana hakushindwa, na haki yake apewe. Alisema kamera kubwa ataiacha nyumbani. Anajifahamu. Aliwahi kuazima kamera ya rafiki yenye lenzi kama chupa ya chai, akaibeba Jumapili mbili, ya tatu ikabaki kabatini. Kamera unayotoka nayo ndiyo inayopiga picha, na watu wanaolipa fedha nyingi kwa kamera ndogo hawalipii sifa tupu. Wanalipia sensa kubwa ndani ya kitu kinachoingia kwenye mfuko wa koti. Kubana vitu hivyo viwili pamoja ni kazi ngumu kiwandani, na sehemu kubwa ya bei iko hapo. Sony hiyohiyo ina A7CR ya 2023 yenye megapikseli 61 vilevile, kidhibiti mtikisiko na lenzi za kubadilisha, iliyotoka kwa dola 2,999 bila lenzi. Ukiiongezea lenzi ya milimita 35 bado unabaki na dola elfu moja na zaidi mkononi. Swali likawa: kupungua kwa ukubwa kunastahili malipo kiasi gani kwao?

Mpiga picha mmoja wa mjini, anayepiga harusi na sendoff, aliwaazima kamera aliyotaka kuiuza ili apande daraja: Canon EOS RP ya 2019, fulu-fremu ya megapikseli 26, ikiwa na lenzi ya milimita 35 ya f/1.8. Vyote pamoja vina gramu 790 hivi. Hiyo ni karibu gramu 300 juu ya ile ndogo ya ndoto, sawa na maparachichi mawili ya wastani.

Jumamosi ya katikati ya Novemba wakapanda basi dogo hadi Muleba, wakapandisha Kamachumu. Ulikuwa msimu wa senene. Bibi alikuwa jikoni na wajukuu, bakuli mapajani, wananyonyoa mabawa na miguu, taa ni mwanga wa mlangoni na moto wa kuni. Mvua ilikuwa inakuja.

Mke alitoa simu yake, nzuri tu, akapiga. Bwana akapiga kwa kamera. Wakabadilishana. Bibi aliwatazama akasema, "Mnanipiga kama nimefariki. Shikeni senene."

Kwenye skrini ndogo picha zote zilipendeza. Tofauti ilionekana Jumatatu, zilipochapwa kwa ukubwa wa A4 mjini Bukoba. Simu ilikuwa imejitahidi kuangaza giza, ikampaka bibi uso laini kama wa nta, mikunjo imefutwa, vidole vimeungana na senene. Kwenye picha ya kamera, mkono ulikuwa mkono: kovu la kisu cha migomba kwenye kidole gumba, mshipa, unga wa moshi kwenye khanga. Mke aliishika muda mrefu. Ndipo aliposema jambo ambalo bwana hakulitarajia, kwamba simu haitoshi.

Na bwana naye akakiri lake. Lenzi ile ya Canon ina kidhibiti mtikisiko, na kwa bibi aliyetulia kando ya moto kiliwaruhusu kupiga taratibu bila picha kuyumba. Kamera ya milioni 12 isingekuwa nacho. Kwa jiko lile, saa ile, kamera ya bei ndogo ndiyo iliyokuwa na kipengele walichokihitaji.

Hawakununua siku hiyohiyo, na hapo walifanya vyema. Bukoba hupata mvua za kama milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa kandokando ya ziwa huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Waliitoa lenzi, wakaimulika tochi kutoka nyuma, wakatazama kwa mshazari. Walipiga picha ukuta mweupe kutafuta madoa kwenye sensa. Walijaribu kila kitufe, wakaichaji betri na kuitumia hadi ikaisha. Walidai risiti ya kwanza, na wakalinganisha namba yake na iliyo chini ya kamera. Kwa kamera ya lenzi inayotoka, kuvu ikiingia unabadilisha lenzi. Kwa ile ndogo ambayo lenzi yake ni sehemu ya mwili, unapeleka kamera nzima kwa fundi, na fundi wa kitu kama hicho hapatikani soko la Bukoba.

Walikubaliana milioni mbili na laki tisa, kamera na lenzi. Kwenye milioni 14, mke aliandika kwanza milioni mbili na nusu za paa, na zilitumwa kwa kaka mkubwa jioni hiyohiyo. Hapo ndugu wengine waliokuwa wakisema "baadaye" waliona haya wakatuma zao. Milioni moja na laki nane zikawekwa kwa ada ya bweni ya binti. Baada ya kamera zilibaki milioni sita na laki nane. Laki mbili na nusu zilinunua diski ya kuhifadhia picha, kwa sababu picha zilizo kwenye kadi moja tu ni picha zinazosubiri kupotea, na nyingine zote zikaingia dukani kwa saruji na nondo.

Bwana bado huangalia ile ndogo nyeusi kwenye simu. Mkewe anajua, na amemwambia siku duka likizaa fedha isiyo na kazi, hatamzuia. Si kamera mbaya. Mtu mwenye nafasi, anayesafiri sana na asiyetaka kubadilisha lenzi, ataifurahia kwa miaka mingi.

Canon inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti za vidonge vya kufyonza unyevu, si kwenye mkoba wa ngozi. Kila Jumapili inatoka, iwe kuna sherehe au hakuna, maana kamera inayotumika haioti kuvu kirahisi. Mtoto wa miaka tisa ameshajifunza kuiwasha.

Mabati mapya yalipigiliwa Kamachumu wiki ya kwanza ya Desemba. Siku hiyo bibi alikubali kupigwa picha akiwa amevaa gomesi yake ya kanisani, mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Aliomba zichapwe mbili: moja ya ukutani, na nyingine ndogo ya kuweka ndani ya Biblia, pamoja na ile ya kadi ya mzee.

Picha ya ukutani ni A3. Imeenea sawasawa kati ya kalenda na dirisha.