Kabla ya kioo kikubwa, angalia masafa

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri habari za kioo cha kugusa na Bluetooth kwenye redio za gari, lakini kwetu Goma kuna jambo linalotangulia hayo yote. Magari mengi hapa yametoka Japani yakiwa yametumika. Redio zake za FM huanzia megahezi 76 na nyingi huishia 90, kwa sababu ndivyo masafa yalivyopangwa huko. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Radio Okapi ya 105.2 huipati hata ukizungusha mpaka kesho.

Mafundi wa Birere, hapa mjini, watakuuzia kile kidude cha kuchomeka kwenye waya wa antena. Kinashusha masafa, basi. Kikishusha 20, Okapi utaisoma 85.2, na vituo vya chini ya 96 vinakupotea. Mimi sikipendi. Afadhali hela hiyo uiweke kwenye redio inayofika 108 yenyewe, hata kama haina kioo.

Tena, wakati wa kufunga redio mpya, mwambie fundi asikate plagi ya gari. Atafute waya wa kuunganishia unaolingana nayo. Kwa redio nyingi za dukani, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu na mwekundu ni wa swichi. Zikibadilishana, kila ukizima gari vituo ulivyohifadhi vinafutika. Na aifunge redio kwa skrubu pande zote mbili, maana barabara zetu za mawe ya volkano hulegeza kila kitu. Usimlipe kabla hujaijaribu ukiwa umekaa kwenye usukani.