Pangaboi si mchezo!

Jamani vijana wa mjini, hebu tuelewane. Bombardier Q400 za kwanza za ATCL zilipotua mwaka 2016, wapo walioangua kicheko, eti "pangaboi". Mimi nasema huo ni ushamba. Ndani ya injini yake mna mtambo wa jeti kama kawa, ila nguvu yake inazungusha panga.

Sasa wasikie marubani waliorusha zote mbili. Kwenye pangaboi ukiongeza moto, panga linasukuma upepo juu ya bawa papo hapo. Jeti ina uvivu wake: injini iliyopunguzwa moto inachukua sekunde kadhaa kuchanganya, hivyo rubani lazima awaze mapema. Lakini pangaboi nayo, ukigusa moto tu, pua inavuta pembeni, miguu haipumziki kwenye pedali! Halafu inaishia futi 25,000 hivi. Mawingu mengi ambayo Airbus A220 inayaruka kwa juu, ikifika hadi futi 41,000, pangaboi inapambana nayo humohumo.

Kwa hiyo mshikaji, ukishuka salama kwenye pangaboi, acha kejeli. Mpe rubani tano zake!