Mayai Hayo Unayapeleka Wapi?

Neno ninalolichukia kuliko yote katika mapishi ya mtandaoni ni "bila". Pankeki bila mayai. Pankeki laini bila hamira. Keki bila oveni. Neno hilo hutangulizwa kama ombi la msamaha, kana kwamba mahali fulani ipo pankeki kamili inayoliwa na watu kamili, na sisi wengine tumeachiwa ya kujikimu.

Nami niliamini hivyo. Mwaka 2024, miezi michache baada ya mafuriko ya Rufiji na Kibiti, nilikwenda delta kumjulia hali bibi yangu. Nilitoka Kibiti kwa bodaboda hadi Nyamisati, nikapanda boti. Kwenye begi nilikuwa na unga wa ngano, sukari na kopo la bekingi pauda. Kwenye simu nilikuwa na pishi lililotaka mayai mawili. Mayai sikubeba, trei la mayai na safari ile haviivi chungu kimoja. Na kwa bibi, nilijua, hakukosi kuku.

Asubuhi nikaingia bandani, nikatoka na mayai mawili. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Hakupandisha sauti.

"Mume wangu," akaniita, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, "mayai hayo unayapeleka wapi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba maji yalipopanda, banda liliondoka na kuku wote. Tetea yule alipewa na jirani, naye alikuwa anasubiri mayai yatimie sita ili aatamie.

"Wewe unaona mayai. Mimi naona kuku."

Nikayarudisha. Nikapika pankeki bila hayo mayai, zikaumuka vizuri kabisa, na tangu siku hiyo nina ugomvi.

Ugomvi wa kwanza ni wa kweli dhidi ya uzushi. Watu wengi wanaamini yai ndilo linaloiumua pankeki. Yai lina kazi yake: protini yake huganda kwa joto na kushikilia umbo, na kiini chake huongeza mafuta na rangi. Lakini pankeki nene ya kawaida huinuliwa na gesi. Bekingi pauda ni magadi na asidi kavu vilivyochanganywa. Vikipata maji na joto hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, nayo hujaza vitundu kwenye rojo. Kuta za vitundu hivyo hushikwa na ngano yenyewe. Mafuta niliyapata kwenye tui la nazi, na kwa nazi delta haihitaji kuombewa.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Vikombe viwili vya unga, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda vilivyojaa, vijiko viwili vya chakula vya sukari, chumvi kidogo. Kikombe kimoja na nusu cha tui jepesi, na mafuta kijiko kimoja. Nikakoroga mpaka unga mkavu ukapotea, nikaacha hapo hapo, na mabonge yake. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: tukilipiga sana rojo la ngano linavutika, na pankeki inakuwa kama ndala. Nikaliacha dakika kumi. Kikaango chenye moto mdogo, upawa mmoja, na subira mpaka vitundu vya juu vipasuke vibaki wazi. Geuza mara moja tu. Usiikandamize.

Ugomvi wa pili ni wa historia. Bekingi pauda yenyewe tunayoiona kama mbadala wa maskini ilibuniwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1843 na Alfred Bird, mtaalamu wa dawa ambaye mkewe hakuweza kula mayai wala vitu vilivyotiwa hamira. Yaani tangu mwanzo, kopo lile lilitengenezwa kwa ajili ya meza isiyo na vitu hivyo viwili. Bird hakuwa anaiga pankeki ya mtu mwingine. Alikuwa anamlisha mkewe.

Na angalia majirani zetu. Waethiopia huacha rojo la tefu lichache lenyewe, wakapika injera. Wahindi wa kusini huloweka mchele na dengu, wakasaga, wakaacha usiku kucha, asubuhi wakapika dosa. Hakuna anayeagiza "injera bila hamira ya dukani". Pwani yetu nayo imejua kuumulia unga kwa tembo la mnazi tangu kabla ya hamira ya pakiti. Sasa kwa nini jina la chakula chetu lianze na orodha ya vitu tusivyonavyo?

Najua jibu litakalokuja, hasa kutoka kwa wenzangu waliosoma: watoto wanahitaji protini, na wewe unatetea kupunguza mayai. Ni hoja nzito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, yai lisiishie kwenye rojo. Yai moja likigawanywa katika pankeki kumi, kila mlaji anapata sehemu ndogo tu, na wa kwanza kufika mezani huwa si mtoto. Chemsha yai, mpe mtoto, mwangalie akilimaliza. Pankeki haihitaji msaada wake.

Wala sisemi kwamba uhaba ni hekima. Bibi hakuacha mayai kwa falsafa. Aliyaacha kwa sababu mto ulimchukulia kuku. Angekuwa na kuku ishirini, angenipa mayai manne na kunicheka ninavyoyavunja. Ninachokataa ni kumfanya aone aibu mara mbili: kwanza kwa alichopoteza, kisha kwa alichopika.

Alipoonja alitafuna taratibu, akasema, "Laini. Lakini haishibishi. Kesho tutaloweka mchele." Alikuwa na haki. Ngano ile nilibeba kutoka mjini, na sehemu kubwa ya ngano ya nchi hii hutoka ng'ambo. Mchele ulikuwa mlangoni pake, kwenye ungo.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa mapishi, ombi langu ni dogo. Ukichanganya unga, tui na bekingi pauda, kikatoka kitu kinene, laini, chenye harufu ya nazi, kiite pankeki. Anayetia mayai ndiye aandike "pamoja na mayai".