Kisulisuli Kisichoonekana

Mwezi huu tuzungumze habari za ndege za abiria wakati zinapotua. Labda utasema, "Mimi ni mkulima. Ndege yanihusu nini?" Inakuhusu. Leo wewe au mwanao mnaweza kupanda ndege. Tena, hatari tutakayoitaja inafanana na kitu unachokijua.

Umeona kisulisuli shambani wakati wa kiangazi? Huzunguka kwa nguvu. Hubeba vumbi na majani makavu. Ukikiona, unakipisha. Unakiona kwa sababu ya lile vumbi. Ndege nayo huacha visulisuli nyuma yake. Lakini juu angani hakuna vumbi, kwa hiyo rubani havioni. Hapo ndipo hatari ilipo.

VISULISULI HIVI HUTOKA WAPI?

Ndege hubebwa na mabawa yake. Inapokwenda mbio, hewa ya chini ya bawa husukuma kwa nguvu kuliko hewa ya juu. Ndiyo maana ndege huinuka. Lakini hewa ile ya chini hutafuta njia ya kwenda juu. Njia huipata penye ncha ya bawa. Hupinda hapo, hupanda, kisha huzunguka. Basi kila ndege inayoruka huacha visulisuli viwili, kimoja kwa kila bawa.

Ndege ikiwa nzito, visulisuli vyake huwa vikali. Ikiwa nzito na tena inakwenda polepole, ukali huzidi. Na ndege inayotua hupunguza mwendo. Visulisuli hivyo hushuka taratibu chini ya njia iliyopita ndege. Upepo wa nguvu huvivunja upesi. Siku iliyotulia huweza kudumu dakika kadhaa.

Wavuvi wanaelewa jambo hili. Meli kubwa ikipita, mawimbi yake hubaki nyuma. Meli nyingine kubwa haisumbuki sana. Lakini mtumbwi ukiyaingia vibaya, hupinduka.

AJALI YA FORT WORTH

Tarehe 30 Mei 1972, ndege mbili zilikuwa katika mazoezi kwenye uwanja mmoja wa Fort Worth, jimbo la Texas, Marekani. Ya mbele ilikuwa kubwa, aina ya DC-10. Ya nyuma ilikuwa ndogo kuliko hiyo, aina ya DC-9. Muda kati yao ulikuwa chini ya dakika moja. DC-9 ilipokaribia kugusa ardhi ilianza kuyumba, mara ikalala upande. Bawa la kulia likapiga ardhi. Ndege ikapinduka na kuwaka moto. Watu wote wanne waliokuwamo walikufa.

Wachunguzi walisema kwamba iliangushwa na kisulisuli cha DC-10. Marubani walikuwa wameonywa kwamba watakuta msukosuko wa hewa. Lakini hawakuwa na habari za kutosha kujua ukubwa wa hatari, wala mahali kisulisuli kilipo. Tena kanuni za siku zile hazikuwalinda vya kutosha marubani waliotua kwa kutegemea macho yao.

Ajali za namna hii hazikuisha. Tarehe 4 Novemba 2008, ndege ndogo iliyombeba Waziri wa Mambo ya Ndani wa Meksiko, Juan Camilo Mouriño, ilikuwa inakwenda kutua katika mji mkuu wa nchi hiyo. Iliikaribia mno Boeing 767 iliyokuwa mbele yake, ikaanguka mjini. Wote waliokuwamo walikufa, na watu wengine waliokuwa chini pia.

NDEGE HUKINGWAJE?

Ndege hupangwa kwa uzito. Nzito ni zile zinazoweza kuruka na tani 136 au zaidi. Za kati ni zile zilizozidi tani 7 lakini hazifiki 136. Nyepesi ni za tani 7 kushuka chini. Kwa kanuni za kimataifa zilizozoeleka, ndege ya kati inayotua nyuma ya nzito huachiwa kama kilometa 9. Nyepesi huachiwa kama kilometa 11. Mwongoza ndege aliye kituoni hupima umbali huo kwa rada.

Rubani naye ana wajibu wake. Visulisuli hushuka. Kwa hiyo huiweka ndege yake juu ya njia aliyopita mwenzake, na hugusa ardhi mbele ya pale alipogusa mwenzake. Akiona amekaribia mno, hatui. Hupanda tena juu na kuzunguka.

Ndugu msomaji, siku utakaposafiri, ndege inaweza kuacha kutua ikapanda tena. Usiogope, wala usinung'unike kwamba unacheleweshwa. Huenda rubani anapisha kisulisuli, kama wewe unavyokipisha shambani. Kazi yako ni moja: funga mkanda wakati wote unapokuwa kitini. Mwenda pole hajikwai.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KISOMO

1. Kwa nini rubani haoni kisulisuli cha ndege?
2. Ni ndege gani huacha visulisuli vikali zaidi?
3. Kwa nini marubani wa Fort Worth hawakuokolewa na onyo walilopewa?
4. Onyo la namna gani humsaidia mtu kweli? Toeni mifano ya kijijini kwenu.