Kutangua si Kufuta

Walimu wenzetu wengi wamezoea siku hizi kukitwika kitenzi kimoja kazi tano. Mkutano usiofanyika umefutwa. Safari iliyosogezwa mbele imefutwa. Sheria iliyoondolewa imefutwa. Hukumu iliyopinduliwa na mahakama ya juu imefutwa. Na ndoa iliyovunjika nayo imefutwa. Tukiwauliza, hujibu kwamba mgeni wa lugha asibebeshwe mzigo. Akishajua futa, mengine yatamjia yenyewe. Hayamjii. Sisi tunaofundisha kisiwani Rongui, jirani ya Vamizi katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tumeyaona matokeo, na twaandika haya kuupinga urahisi huo.

Wanafunzi wetu nyumbani husema Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Shuleni na ofisini hukutana na Kireno. Kiswahili wanakipata kwa biashara na kwa jamaa walio ng'ambo ya mto Ruvuma. Kireno hakiwapotezi katika jambo hili: kina anular, kina revogar, kina suspender, na karani mwenye kuijua kazi yake haweki moja mahali pa jingine. Ni sisi walimu wa Kiswahili tunaowapa kitambaa kimoja cha kupangusia kila kitu.

Bibi mmoja, aliyewahi kuishi miaka mingi Mtwara, alimwomba mwanafunzi wetu amsomee barua iliyotoka ofisi fulani ya bara. Ilieleza kwamba maandikisho ya ndoa ya bintiye yamebatilishwa kwa kuwa jina la mume liliandikwa vibaya, na kwamba yataandikwa upya. Kijana alikisoma Kireno sawasawa, kisha akatafsiri kwa Kiswahili alichofunzwa nasi: “Bibi, ndoa imefutwa.” Bibi akanyamaza kitambo, ndipo akauliza: “Imefutwa? Basi wajukuu zangu hawa, mwanangu, wamezaliwa katika nini?”

Kosa halikuwa la kijana. Bibi yule alikijua Kiswahili kuliko sisi tuliomfundisha mfasiri wake. Kufuta ni kuondoa alama: ubao hufutwa, machozi hufutwa, deni hufutwa kwa sababu liliandikwa katika daftari la mwenye duka. Kilichofutwa barabara hakiachi athari, na anayekuja baadaye hana dalili ya kwamba kilikuwapo. Kutangua ni kazi nyingine. Mwisho wake ni ule ule wa fungua, zibua na kunjua, yaani kauli ya kutendua: lazima kwanza pawe na fundo ndipo pawe na kulifundua. Anayetangua anakiri kwamba jambo lilikuwapo, lilishika, na mpaka saa ile lilikuwa na nguvu. Hata kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inakipa kitenzi hiki kazi hiyo ya kuondoa nguvu za jambo.

Watazameni wanasheria. Msumbiji ilipitisha Sheria ya Familia namba 10 ya mwaka 2004, kisha ikaitangua kwa Sheria namba 22 ya mwaka 2019. Je, waliooana kati ya miaka hiyo miwili walirudi kuwa wachumba? Hasha. Sheria ya kwanza imetanguka, lakini yaliyotendeka kwayo yamesimama. Mwalimu anayesema “ilifutwa” anamwachia mwanafunzi shaka ambayo sheria yenyewe haina. Nayo batilisha haifanani na hizo mbili: ndoa iliyo batili ni ile iliyokosa sharti lake tangu mwanzo, haikufungika hata ikahitaji kufunguliwa. Kwa mwanamke anayedai matunzo au mirathi, tofauti hiyo ni chakula.

Gharama ya uvivu wetu huvuka mlango wa nyumba. Baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, kampuni ya TotalEnergies ilitangaza mwezi Aprili mwaka huo kwamba kwa sababu ya dharura isiyozuilika inasimamisha utekelezaji wa mikataba ya mradi wa gesi wa Afungi. Tulisikia kwa masikio yetu watu wakisema “mradi umefutwa”. Mradi uliofutwa haudaiwi na mtu. Mradi uliosimamishwa una ahadi zake, na waliohamishwa mashamba yao kwa ajili yake wana haki ya kuendelea kuuliza. Mwaka 2025 kampuni ikatangaza kuiondoa hali hiyo, na wale waliokwisha kuambiwa “umefutwa” wakabaki kushangaa uliokufa umefufukaje.

Wapinzani wetu wana hoja moja yenye uzito, nasi hatuikwepi. Wanasema tangua katika kauli ya kutendwa huwa tanguliwa, na tangulia nayo huwa tanguliwa. Basi “sheria hii imetanguliwa” ni kuvunjwa au ni kuwa na nyingine mbele yake? Ni kweli, neno linagongana. Lakini dawa imo humo humo katika lugha: semeni “imetanguka”, au mtajeni mtenda, “Bunge limeitangua”. Hatukati mguu kwa sababu kiatu kinabana.

Wengine wanatuletea tengua, inayovuma sana Tanzania kila uteuzi wa kiongozi unapoondolewa. Hatuna ugomvi nayo. Tengua ni kutoa kitu mahali pake, kama kiungo kilichochomoka, na aliyeteuliwa alikuwa amewekwa mahali. Katika habari za udhu pia wako wasemao hutenguka, wako wasemao huvunjika. Tunachokataa ni kuifanya tengua nayo kitambaa kipya baada ya futa kuchakaa. Na ghairi tuiache kwa anayebadili nia kabla ya kutenda, ahirisha kwa anayesogeza siku. Hizo hazihitaji maneno mengi.

Tulimrudisha kijana kwa bibi na barua yake. Akaanza upya: “Bibi, yaliyofutwa ni maandishi. Ndoa haikutanguka.” Bibi akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaifunga katika pindo la kanga. “Sasa umesema,” akamwambia. “Waandikie, na jina la mkwe wangu ulitaje herufi kwa herufi.”