Kozi za Bure Mtandaoni: Mwalimu Anasoma, Mtoto Anapata Nini?



Siku hizi si ajabu kumkuta mwalimu wa skuli zetu, baada ya Swala ya 'Ishaa, ameinamia simu akifuata somo la chuo kikuu cha ng'ambo bila ya kulipa ada. Mwalimu wa Micheweni au Tumbatu halazimiki tena kuvuka bahari kutafuta kila mafunzo, na mwalimu mwanamke mwenye watoto wadogo anaweza kusoma akiwa nyumbani kwake. Hii ni neema ya kushukuriwa. Lakini ndani yake mna mambo ambayo familia zetu zinafaa kuyaelewa.

La kwanza ni hilo neno "bure". Katika Coursera, jukwaa lililoanzishwa Marekani mwaka 2012, kozi nyingi zina sehemu za kusoma bila ya malipo, lakini cheti kwa kawaida hulipiwa kwa dola. OpenLearn, ya Open University ya Uingereza, ilianza mwaka 2006. Haitozi ada, na anayemaliza kozi hupata hati ya ushiriki. Hati hiyo si shahada wala stashahada. Na kote huko bando hununuliwa na mwalimu mwenyewe, kwa pesa ambayo ingenunua unga. Muda nao huukata kwa mume au mke na watoto. Ndiyo maana wengi hujiandikisha kisha wakaishia njiani, na si haki kuwaita wavivu.

La pili ni kufaa kwa somo lenyewe. Kozi nyingi ni za Kiingereza, na mifano yake ni ya madarasa yenye wanafunzi wachache na vifaa tele. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni ataitumiaje? Hapa inafaa walimu wetu waijue TESSA, mradi wa elimu ya walimu Afrika unaoongozwa na hiyo hiyo Open University. Vitabu vyake vya masomo ya msingi vipo pia kwa Kiswahili na Kiarabu. Vinaeleza kazi za kufanya na wanafunzi darasani, na upo mwongozo wa kufundisha darasa kubwa. Vinapakuliwa mara moja, vinachapishwa na kutolewa kopi bila ya kumlipa mtu. Bando la mwalimu mmoja linaweza kuwafaa walimu wa skuli nzima.

La tatu, na ndilo zito, ni amana. Kuna mwenye kuiacha video icheze huku yeye anafanya mengine, na mwenye kunakili majibu ya mwenzake. Sasa imekuja akili mnemba, inayojibu mtihani mzima kwa dakika chache. Cheti kikipatikana hivyo, kisha kikawekwa katika faili la kuombea daraja au kazi, huo ni udanganyifu, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameukemea vikali. Mwenye kudhulumiwa ni mtoto aliyekaa mbele ya mwalimu yule yule, na somo lile lile la jana. Anadhulumiwa pia mwalimu mwenzake aliyekesha akisoma kweli.

Kwa hiyo wazazi na kamati za skuli wasivutiwe na wingi wa vyeti. Wamuulize mwalimu kwa adabu: umejifunza nini, na darasani umebadilisha nini? Aliyesoma kweli hatakosa jibu. Atasema kwamba sasa anawapanga watoto kwa makundi, au anawaacha wasimulie hadithi ya nyumbani kabla ya kuiandika.

Nao wazazi wana wajibu. Mtu hawezi kudai mwalimu bora kisha akamwachia gharama zote peke yake. Kamati inaweza kuchangia bando la mwezi au karatasi za kuchapia. Mkuu wa skuli anaweza kutenga saa moja kwa wiki, walimu wakae wafundishane walichosoma. Vituo vya Walimu tunavyo Unguja na Pemba. Ni mahali pazuri pa kukutania. Na mume ambaye mkewe ni mwalimu anaweza kuwalaza watoto usiku mmoja ili mwenzake amalize somo.

Elimu ya mwalimu mmoja hufika katika nyumba nyingi. Tumsaidie aipate kwa ukweli.

Wabillaahi Tawfiyq.