Hifadhi ya Nani, Dhidi ya Nini? Maoni Kuhusu Neno Moja Katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Wilaya ya Ngara. Serikali ya Tanzania iliwapa hifadhi, na makambi ya Benaco na Lumasi yakajaa watu kuliko miji mingi ya nchi hii. Lakini katika eneo hilohilo kulikuwa na pori la akiba la Burigi, ambalo katika mazungumzo ya kawaida nalo huitwa hifadhi. Mkimbizi aliyeingia porini kutafuta kuni au nyama alikuwa amepewa hifadhi na wakati huohuo amevamia hifadhi. Sentensi hiyo haina utata kwa msemaji wa Kiswahili, lakini kwa mwanaisimu inazua swali ambalo kamusi zetu hazijalijibu ipasavyo.

Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, pamoja na maana yake pana ya kulinda na kutunza. Chuoni mwanafunzi huhifadhi Kurani. Mkulima wa Biharamulo huhifadhi mahindi ghalani. Mtunza nyaraka huhifadhi majalada. Kando ya barabara itokayo Rusumo kupitia Lusahunga kuna hifadhi ya barabara, ambayo baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Mfanyakazi naye ana hifadhi ya jamii: mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1964 uligeuzwa kwa sheria ya mwaka 1997 kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Msomaji ataona kwamba katika nyuga mbili zisizohusiana neno akiba limeipisha hifadhi, na mara zote mbili badiliko la neno limekuwa badiliko la sheria. Katika pori la akiba uwindaji kwa leseni uliruhusiwa. Katika hifadhi ya taifa hauruhusiwi.

Je, hapa tuna maneno kadhaa yanayofanana kwa umbo tu, au neno moja lenye maana nyingi? Ni maoni yetu kwamba hili ni neno moja, na mfano wa wazi wa polisemia. Kiini chake hakibadiliki: yuko mlinzi, yuko au kipo kinacholindwa, na lipo tishio. Kinachobadilika kutoka uga mmoja hadi mwingine ni nani anakaa katika nafasi ipi. Katika hifadhi ya wakimbizi, mlinzi ni dola, mlindwa ni mtu, tishio ni vita na mateso. Katika hifadhi ya jamii, mlindwa ni mtu pia, na tishio ni uzee, maradhi na ulemavu. Katika hifadhi ya barabara, mlindwa ni njia, na tishio ni yule anayejenga karibu nayo. Katika hifadhi ya wanyamapori, mlindwa ni mnyama na msitu wake, na tishio, mara nyingi, ni mtu. Mlinzi katika mifano hiyo yote anaweza kuwa ni yuleyule, yaani dola. Mtu ndiye anayehamishwa kutoka kiti cha mlindwa hadi kiti cha tishio, na neno halitoi ishara yoyote kwamba amehamishwa.

Sarufi, hata hivyo, hutoa ishara kiasi. Tutazame mifano ifuatayo:

(1) Watu wale wamo hifadhini.
(2) Watu wale wako chini ya hifadhi.
(3) Watu wale wameondolewa katika hifadhi.

Kiambishi -ni katika (1) kinaifanya hifadhi kuwa mahali, na msikilizaji atafikiri kwanza juu ya mbuga au msitu. Katika (2) hifadhi ni hali ya kisheria. Unyambulishaji nao hutenganisha maana: mhifadhi ni mtaalamu wa wanyamapori, misitu au nyaraka, wala afisa anayewapokea wakimbizi haitwi hivyo, mwomba hifadhi, kwa upande mwingine, hawezi kuwa mtalii anayeomba kuingia mbugani. Lakini (3) inabaki na utata kamili, na utata huo si wa darasani tu. Wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996, na hifadhi yao ikakoma. Wafugaji nao wameondolewa pamoja na ng'ombe wao katika mapori ya Burigi na Biharamulo. Sentensi moja inayatosha matukio yote mawili, ingawa haki zinazohusika ni tofauti kabisa.

Yupo atakayesema kwamba dawa ni kuligawa neno: wakimbizi wapewe kimbilio, wanyama waachiwe hifadhi. Pendekezo hilo lina mvuto, lakini hatukubaliani nalo. Kimbilio, kama mkimbizi, limetokana na kukimbia. Linatazama tukio kwa jicho la anayekimbia. Ndivyo lilivyo pia neno ubuhungiro katika Kirundi na Kinyarwanda, lililotokana na guhunga, yaani kukimbia, kama lilivyo impunzi, yaani mkimbizi. Mtu anaweza kupata kimbilio chini ya mti au ndani ya pango, pasipo yeyote kuwajibika kwake. Hifadhi haiwezi kuwapo bila mlinzi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unauita utoaji wa hifadhi kuwa ni tendo la amani na la kibinadamu. Unazungumza juu ya tendo la anayetoa. Kulibadili neno kungekuwa kumpunguzia mtoaji wajibu wake. Katika jambo hili Kiswahili kimebahatika kuwa na istilahi inayombana mlinzi, na si busara kuitupa.

Tunachopendekeza ni mambo mawili. Kwanza, kamusi zisitosheke na kuorodhesha maana kwa tarakimu. Kwa maneno ya aina hii, kila maana ioneshe washiriki wake: nani hulinda, nani au nini hulindwa, dhidi ya nini. Pili, waandishi wa sheria, wakalimani wa mahakama na watayarishaji wa matangazo ya vijijini waepuke kuliacha neno hifadhi peke yake pale ambapo haki ya mtu imo hatarini. Waseme hifadhi ya ukimbizi, hifadhi ya wanyamapori, hifadhi ya barabara. Nyongeza hiyo ya maneno mawili haigharimu kitu, nayo humwezesha anayesomewa tangazo kujua amewekwa katika kiti kipi.

Wanafunzi wetu wa semantiki hufundishwa kwamba muktadha huondoa utata. Kwa kawaida ni kweli. Lakini Ngara na Biharamulo ni mahali ambapo miktadha miwili ilikaa katika ardhi moja, kwa wakati mmoja, juu ya watu walewale. Pale ambapo muktadha wenyewe umegawanyika, kazi ya kuondoa utata humwangukia mwandishi, naye hana budi kuitimiza kabla ya tangazo kubandikwa.